Chumba cha Binti wa Miaka Kumi na Saba

Kaa vizuri unisikilize, wewe unayesoma, maana jambo ninalotaka kukueleza ni dogo kiasi kwamba watu hulipita bila kuliona, mpaka siku linapowakamata mlangoni. Ni habari ya gesti, na ya umri wa kupewa chumba. Ukiona nazunguka, nivumilie. Bila kuzunguka kidogo hutaelewa kwa nini baba yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alitoka nje kwenye manyunyu jioni moja pale Tukuyu na kusimama akiutazama ukuta.

Kwetu ni Lufingo. Mtu wa Lufingo akitaka kupanda basi la Dar es Salaam linalopita mjini alfajiri, ana njia mbili. Aamke usiku wa manane ateremke milima kwa bodaboda kwenye ukungu na utelezi, au alale mjini usiku wa kuamkia safari. Wenye busara hulala mjini. Kwa hiyo gesti zilizo karibu na stendi hazijai watalii wala wapenzi, kama watu wanavyodhani. Zimejaa watu wenye mabegi na madumu ya maziwa ya mgando wanaongoja basi.

Mimi nilikuwa naenda kuanza kidato cha tano, shule ya bweni upande wa Morogoro. Nilikuwa nimechelewa. Bibi yangu mzaa baba alifariki wiki ile ile niliyotakiwa kuripoti, na kwetu huondoki msibani kama anayetoka sokoni. Tulikaa mpaka matanga yakaisha. Wakati huo mwalimu wangu wa zamani alikwisha kupigia simu shule ya huko, akaambiwa kwamba mwisho wa kupokea wanafunzi ni keshokutwa, na kwamba nafasi ya asiyefika atapewa mwingine. Kwa hiyo basi la kesho alfajiri ndilo lilikuwa basi langu. Baada ya hilo hapakuwa na jingine.

Mama alikuwa na wageni wa msiba waliotoka Kyela na walikuwa hawajaondoka. Nyumba yenye wageni wa namna hiyo haiachwi na mama mwenye nyumba. Basi baba akasema, "Nitampeleka mimi." Akavaa koti lake la kanisani juu, gambuti chini, tukafunga tranka nyuma ya bodaboda moja, sisi tukapanda nyingine.

Sasa hapa utaniuliza kama hatukuwa na ndugu mjini. Tulikuwa naye. Kaka yangu mkubwa amepanga chumba Tukuyu, anaishi na mke wake. Kaka ni dereva wa lori, na siku ile alikuwa safarini, lakini mkewe, wifi yangu, alikuwepo. Na hapo ndipo penyewe.

Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mkaza mwana hawakutani. Si ugomvi, usije ukadhani. Ni heshima, na ni heshima nzito. Mke wa mtoto haingii chumba alimo baba wa mume wake. Wakikutana njiani, aliyetangulia kumwona mwenzake hupisha pembeni na kugeuka. Jina la mkwe halitamkwi. Vijana wengi wa mjini wameyaacha haya, lakini wifi yangu, pamoja na simu yake kubwa na nywele zake za rasta, hajayaacha. Tangu aolewe hajawahi kulala chini ya paa moja na baba, na baba hajawahi kukanyaga ua wa nyumba anayokaa. Baba akipiga simu kwake kwa bahati mbaya, wifi haipokei. Anangoja ikatike, kisha anapiga kwa simu ya mama, aongee na mimi au na mama: "Muulizeni alikuwa anasemaje."

Kwa hiyo baba asingeweza kulala kwa kaka. Ningeweza kulala huko mimi peke yangu, lakini chumba cha kaka kiko juu mlimani, mbali na stendi, na nani angenitoa alfajiri gizani na tranka? Baba asingeweza kuja kubisha hodi. Alilipanga jambo hili tangu Lufingo, na kwa akili yake lilikuwa limekaa sawa: gesti karibu na stendi, vyumba viwili vinavyotazamana, mimi changu na yeye chake, alfajiri agonge mlango wangu tuondoke.

Gesti aliyoichagua alielekezwa na mchungaji. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye baraza, imepakwa rangi mpya ya kijani, ya mzee mmoja Mwislamu, fundi cherehani, ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na kubaki. "Safi na haina ulevi," mchungaji alisema. Tulifika kabla jua halijazama, ingawa Julai kwetu jua ni habari ya kuambiwa tu. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Mapokezi alikuwepo dada mmoja, kijana, amejifunga shuka la Kimasai kwa baridi. Akainuka alipomwona baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na baridi."

"Tumeshaizoea. Karibuni. Chumba?"

"Vyumba viwili," baba akasema. "Changu na cha binti yangu. Vikiwa vinatazamana nitashukuru."

Dada akanitazama. Nilikuwa nimevaa sweta la shule ya zamani na kitenge, na mguu mmoja una tope mpaka kwenye goti.

"Binti ana miaka mingapi?"

Baba akatabasamu. Swali hilo alilipenda, maana lilimpa nafasi. "Kumi na saba tu, na anakwenda kidato cha tano."

"Hongera zake," dada akasema, na alimaanisha. Kisha akaonyesha kwa kalamu kibao cha boksi kilichoning'inia nyuma yake. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba aliye chini ya miaka kumi na minane hapewi chumba peke yake. Alale chumba kimoja na mzazi au mlezi, na mzazi aoneshe kitambulisho.

Baba alisoma. Niliona midomo yake ikitembea. Akasoma tena.

"Sijaelewa," alisema.

"Yaani, mzee, yeye ni mtoto kisheria. Siwezi kumwandikia chumba chake. Ila wewe ni mzazi, haina shida. Nawapa chumba cha vitanda viwili, mnalala wote."

Naomba hapa uelewe baba alisikia nini. Kwetu mtoto akishaanza ujana halali tena karibu na wazazi wake. Zamani vijana wa kiume walijenga vibanda vyao pembeni kabisa, na mabinti walilala kwa bibi. Hata leo kwetu Lufingo, watu wenye vyumba viwili tu hupanga namna. Mimi nililala kwa bibi tangu nikiwa mdogo mpaka wiki aliyofariki. Sikumbuki kuwahi kufumba macho kwenye chumba alimo baba. Kuvua viatu tu mbele yake huwa nageuka.

Na sasa binti wa watu, kwa sauti ya upole kabisa, anamwambia alale chumba kimoja na mimi, wawili peke yetu, gesti.

Baba hakupaza sauti. Alirudi nyuma hatua moja kutoka mezani, kama mtu aliyeona nyoka kwenye kuni. Nilitaka sakafu ifunguke. Sikuweza kumtazama yeye, nikamtazama dada, naye nikaona ameshtuka, lakini kwa jambo tofauti.

"Mwanangu," baba akasema, "wewe una baba?"

"Ninaye."

"Unaweza kulala naye chumba kimoja?"

"Mzee, mimi nafuata utaratibu wa hapa tu."

"Sikuulizi utaratibu. Nakuuliza wewe."

Kwenye kochi la mapokezi alikuwa amekaa mnunuzi mmoja wa ndizi, mtu wa Dar, akila karanga. Akadakia: "Mzee, wewe hukuja na pazia? Funga pazia katikati, kesho asubuhi mnakunja. Dunia imebadilika."

"Dunia imebadilika, mimi bado ni baba yake," baba akamjibu bila kugeuka.

Mnunuzi akacheka na karanga zake. Dada wa mapokezi hakucheka. Alitoka nyuma ya meza, akanishika mkono. "Njoo kidogo, mdogo wangu, nikuoneshe choo kilipo."

Sikuwa nimeomba choo. Alinipeleka kwenye korido, karibu na pipa la maji, akasimama kati yangu na mapokezi.

"Niambie ukweli, usiogope. Yule mzee ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Baba mzazi?"

"Baba mzazi."

"Na hapa umekuja kwa hiari yako? Hakuna mtu amekwambia utakutana naye hapa usiku?"

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani ananiuliza habari ya basi. Halafu nikaelewa, na nakwambia kweli, nikashika ukingo wa pipa.

"Samahani, mdogo wangu. Lazima niulize. Tunaletewa mabinti hapa. Wanaambiwa waseme huyu ni mjomba, huyu ni baba mdogo. Mzee anatoa kitambulisho vizuri tu, anaomba chumba cha binti peke yake, analipia, anaondoka. Anayekuja baadaye ni mwingine. Ndiyo maana kibao kile kipo. Sasa baba yako ameng'ang'ania ulale peke yako, nami najiuliza kwa nini."

Nimefikiria maneno yale mara nyingi tangu siku ile. Jambo lile lile moja, chumba changu peke yangu, kwa baba lilikuwa ndiyo adabu yote aliyofundishwa na mama yake tuliyetoka kumzika. Kwa dada huyu lilikuwa ndiyo dalili ya kwanza ya mtu anayemuuza mtoto. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Dada yule alikuwa ananilinda, na baba alikuwa ananilinda, na mimi niliyekuwa nalindwa nilikuwa nimesimama karibu na pipa nikimwomba Mungu baba asije akasikia kilichosemwa.

Nilimwonyesha cheti changu cha kuzaliwa, nilikuwa nacho kwenye begi pamoja na karatasi za shule. Akalinganisha na nakala ya kitambulisho cha baba iliyokuwa kwenye karatasi hizo. Uso ukamlegea.

"Haya, ni baba yako. Lakini chumba peke yako siwezi kukupa. Nikikuandikia, nikikutwa, kibarua kimeota nyasi."

Tuliporudi, baba alikuwa ameshainua tranka. "Twende," aliniambia kwa Kinyakyusa, na baba akirudi kwenye Kinyakyusa mbele za watu ujue amefika mwisho. "Kule chini nyuma ya soko kuna gesti nyingine. Nimesikia kule hawaulizi."

Dada alisikia neno soko, na nadhani akaelewa mengine kwa mkono wa baba uliokuwa unaonyesha kule chini.

"Mzee, usimpeleke kule," alisema. "Wale hawaulizi kwa sababu yao. Milango yenyewe haina komeo. Bora mkae hapa kwenye makochi mpaka asubuhi, mimi nitakaa nanyi."

"Nimkalishe binti yangu kwenye kochi, mapokezi, wanaume wanapita?"

Mnunuzi wa ndizi akaangalia pembeni, akaacha karanga.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa: gesti nzuri yenye masharti mabaya kwetu, gesti mbaya isiyo na masharti, na kule nje giza linaanza na mvua inaongezeka. Niliona baba anapima, na niliogopa anakoelekea. Mtu akishaaibishwa mahali, hata pabaya pataonekana pazuri mradi si pale. Ndipo nikasema jambo ambalo kwa kawaida binti wa kwetu halisemi mbele ya baba yake.

"Baba, tumwite wifi."

Akanitazama.

"Wifi ni mtu mzima. Ana kitambulisho. Alale na mimi yeye."

"Aje hapa?" baba akasema. "Mimi nikiwa hapa?"

Hakusema hapana. Nikachukua simu yake, nikaweka namba ya wifi, kisha nikakumbuka. Namba ya baba wifi haipokei. Nikamwomba dada wa mapokezi simu yake. Dada akashangaa, maana ya baba ilikuwa mkononi mwangu na ina salio, lakini alinipa.

Wifi alinisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nilisikia redio ya jirani.

"Yeye yuko hapo hapo?" aliuliza. Hakusema nani.

"Yuko."

"Mwambie nakuja."

Nilimwambia baba. Akaweka tranka chini taratibu. Akafunga vifungo vya koti mpaka juu, akatoka barazani, akateremka ngazi, akaenda kusimama pembeni mwa nyumba, mahali pasipo na bati, uso ameuelekeza ukutani. Manyunyu yakawa yanamwangukia mabegani.

"Mzee amekasirika?" dada akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Anampisha mkwewe."

"Lakini bado hajafika."

"Hajui atafika saa ngapi. Ndiyo maana."

Bodaboda ilipofika, wifi alishuka mbali, karibu na duka la mkaa. Alikuwa amejifunika kanga kichwani mpaka usoni, ameshika mwavuli, na mwavuli wenyewe ameuinamisha upande ule wa ukuta kama ngao. Alipita haraka. Watu wawili hawa walikuwa karibu kiasi cha kusikiana wakipumua, na hakuna aliyegeuka. Mnunuzi wa ndizi alisimama dirishani akitazama.

Wifi alipoingia alinikumbatia kwanza. "Umeninyonyoa leo," alininong'oneza. "Kaka yako akirudi nitamwambia dada yako amenivua nguo mjini."

"Pole, wifi."

"Nyamaza. Umekula?"

Dada wa mapokezi alifungua kitabu cha wageni. Akachukua kitambulisho cha wifi, akaandika. Nikadhani mambo yamekwisha.

"Uhusiano na mtoto?"

"Mke wa kaka yake."

"Baba wa mtoto ni nani kwako?"

"Baba wa mume wangu."

"Jina lake?"

Wifi akavuta kanga mbele zaidi.

"Jina lake, dada. Naandika mzazi aliyemkabidhi."

"Huyu atakutajia," wifi akasema, akinielekeza kwa kidevu.

"Nataka wewe unitajie, ndiyo utaratibu. Ili nijue mnafahamiana." Dada akaweka kalamu chini. Niliona ile hofu ya kwenye korido inarudi usoni mwake. "Unasema ni baba mkwe wako, halafu jina lake hulijui?"

"Nalijua."

"Basi sema."

"Silitaji."

Mwanamke amekuja jioni, amejifunika uso, hamtazami mwanaume aliyemleta binti, na jina lake hataki kulisema. Nilipojiweka mahali pa dada yule nikaona jinsi tulivyoonekana, na kwa mara ya pili siku ile nikapigwa na butwaa. Kila tulichokifanya kwa heshima kilikuwa kinatupeleka kituo cha polisi.

"Nampigia mwenye gesti," dada akasema.

Mwenye gesti hakuhitaji simu. Alikuwa anatoka msikitini, swala ya magharibi imekwisha, na nje alikuwa amemkuta mzee mwenzake amelowa akiutazama ukuta. Aliingia akifuta miwani kwa ncha ya kanzu.

"Pale nje kuna mtu mzima ananyeshewa," alisema. "Nimemsalimu, ameitikia vizuri, lakini hageuki. Nimemuuliza kulikoni, ananiambia mkwe wake yuko ndani. Mkwe ni nani hapa?"

Wifi akainua mkono kidogo chini ya kanga.

Dada akamweleza yote. Mzee alisikiliza huku akitingisha kichwa, na alipofika pale pa jina akamkatiza. "Hilo liache, mwanangu. Akilitaja hapa mbele yako, nyumbani kwao atarudi na uso gani? Mtoto ana cheti, nakili jina kwenye cheti." Kisha akageuka akakisoma kibao chake mwenyewe, nacho alikisoma polepole kama baba alivyokisoma.

"Hiki nilikiandika mimi," alisema. "Polisi waliniambia nisipokee watoto peke yao. Hili la kulala chumba kimoja niliongeza mwenyewe, nikaona ndiyo usalama. Sasa hata kwetu sisi, mtoto akifika miaka kumi tunamtenga kitanda. Binti wa miaka kumi na saba na baba yake?" Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Kumbe nawaambia watu kitu nisichokifanya nyumbani kwangu."

"Sasa tunafanyaje, babu?" dada akauliza.

"Binti analala na wifi yake. Lipi gumu?"

"Na yeye?" wifi akauliza kwa sauti ndogo. "Yeye atalala wapi?"

Dada akamwonyesha. "Mzee tutampa chumba kile cha mwisho."

"Chini ya paa hili hili?"

Dada akaangalia dari. Wifi akaanza kukunja mwavuli na kuukunjua. Alikuwa amevuka mengi jioni ile, lakini hapa alikuwa amefika ukingoni, nami nilijua. Angekaa nje usiku kucha kuliko kulala kwenye nyumba anamolala baba.

Mwenye gesti akaweka kofia kichwani. "Mzee mwenzangu atalala kwangu. Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara, ina paa lake. Kuna pilau ya jana na kuna blanketi. Alfajiri natoka kwenda kuswali, nitamwamsha, atakuja kugonga dirisha hili kwa nje, asiingie."

Akatoka. Kupitia mlango niliwasikia wakizungumza, wazee wawili kwenye mvua, mmoja akiongea kwa Kiswahili cha kuimba na mwingine Kiswahili chetu cha milimani. Sikusikia maneno. Mwishoni nilisikia baba akisema, "Ndaga. Ndaga fijo," na ukiona baba ameshukuru kwa Kinyakyusa mtu asiyekijua, ujue ameshukuru kweli.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, lakini wifi alikuja kitandani kwangu kwa sababu ya baridi. Alinisuka nywele upya, mistari midogo ya shule, huku akinieleza mambo ya bweni: nisikope ndala, nisimwambie mtu nina sukari kwenye tranka. Baadaye akasema, "Amelowa sana?"

"Amelowa."

"Koti lile la kanisani?"

"Lile lile."

"Mungu wangu," alisema.

Alfajiri dirisha liligongwa mara moja. Wifi alinibebea tranka mpaka mlangoni, akarudi ndani mpaka baba alipolichukua na kutangulia. Akatufuata kwa nyuma, mbali, amejifunika. Stendi, baba alisimama upande wa mlango wa basi akibishana na kondakta mahali pa kuweka tranka, na wifi akasimama upande wa pili, chini ya dirisha langu, basi zima likiwa kati yao. Baba alinipa mkono kupitia mlangoni. Wifi alinipungia kupitia dirishani. Gari lilipoanza kuondoka nikafikiria kwamba sasa hivi litaondoka lote, na hawa wawili watabaki wanatazamana mbele ya stendi nzima. Niligeuka kuchungulia. Baba alikuwa ameshageuka zamani, anatembea kuelekea kwa mwenye gesti, na wifi alikuwa anapanda bodaboda.

Nilifika shule siku ile ile jioni, na asubuhi yake wakaandika jina langu. Wiki moja baadaye mama alinipigia kwa simu ya matroni, akaniambia kwamba baba amempelekea wifi jogoo mkubwa, mwekundu kwa mweusi, kwa mkono wa mtoto wa jirani, bila salamu yoyote. Wifi alinipigia yeye mwenyewe. "Muulize alikuwa anasemaje," alisema. Nikamwambia jogoo amejieleza.

Siku hizi nafundisha, na kila Julai wazazi hunijia kuuliza habari za safari ya watoto wao. Wanauliza sare, wanauliza godoro, wanauliza nauli. Hakuna anayeuliza atalala wapi mtoto usiku wa kuamkia basi, na chumba kimoja na nani. Wanadhani mzazi akiwepo, yote yamekwisha. Ile gesti ya kijani bado ipo, na kibao bado kipo. Chini ya maandishi ya zamani mzee aliongeza kwa mkono wake: au na ndugu mtu mzima, binti na mwanamke, kijana na mwanaume. Lakini hiyo ni gesti moja. Ya jirani yake ina masharti mengine, na ile ya nyuma ya soko bado haiulizi.

Kwa hiyo kabla hujafunga tranka la mtoto, piga simu gesti unayokwenda, taja umri wake, uliza atalala chumba kimoja na nani, kisha ndipo uchague nani wa kumsindikiza.